Mwalimu Aliyeogopa Ukuta wa Shapeli

Ujumbe ulinikuta Bukavu, jikoni, nachambua mboga za lenga-lenga. Ilikuwa sauti ya binamu yangu kwenye simu, na nyuma yake nilisikia jogoo, watoto, na yule muuza mkate anayepitia kila mlango. Alisema wakristo wa mtaa wetu wa zamani, Uvira, wamepata kiwanja kule Kasenga, mbali na maji, wanataka kujenga shapeli, na kila mtoto wa pale aliye mbali anaombwa alete mkono wake wa mchango. Akamalizia, "Na weye ulikuwa mutoto wa shapeli. Usikose."

Nikashuka. Safari ya bonde la Ruzizi unaijua, rafiki yangu: joto linakupokea ukiacha milima, vumbi linaingia hadi kwenye meno, mashamba ya mpunga yanafunguka kulia na kushoto. Tulipofika Runingu, abiria wakaacha mazungumzo. Siku hizi za vita gari likipunguza mwendo tu, watu hunyamaza kwanza, wakiangalia mbele kuna nani. Hakukuwa na mtu. Dereva akaongeza mwendo, na hakuna aliyerudia habari aliyoiacha katikati.

Jioni ile nilikwenda ziwani peke yangu kutafuta mahali shapeli ya kwanza iliposimama. Sikupaona. Maji yamekula njia, yamekula uwanja tuliochezea, yamekula na nyumba tatu za majirani. Michikichi miwili imesimama ndani ya ziwa, imekufa, haina majani. Vijana walikuwa wanaoga pale, wanapiga mbizi na kucheka. Nikamwuliza mmoja kama anajua chini yake kuna nini. Akasema, mawe tu, mama.

Basi kaa nikuambie.

Mimi nililelewa na koko wangu, mama yake mama. Nyumba yetu na shapeli zilitenganishwa na ua wa matete, na koko ndiye aliyefua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Asubuhi zetu zilianza na harufu ya ndagala walioanikwa mchangani, sauti ya wavuvi wakivuta mitumbwi, na rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mti ikigongwa kwa nondo kuita watu kwenye sala. Kabla ya shule nilifagia uwanja wa shapeli na kuokota mavi ya mbuzi. Mara moja moja tulikuta pia nyayo za kiboko, kubwa kama sahani, zimetoka ziwani, zimezunguka shapeli, zikarudi. Koko alikuwa akizifagia haraka.

Shapeli yenyewe ilikuwa imezeeka. Mababu waliijenga kwa matofali ya udongo usiochomwa, na mabati yake, manjanja kama tunavyoyaita sisi, yalikuwa yameoza yakawa mekundu, yana matundu hata jua liliingia kwa vidoadoa likawapaka watu mgongoni wakati wa misa. Mwaka ardhi ilipotikisika, ukuta wa upande wa mulima ulipasuka kutoka juu hadi chini. Ufa ule ulitosha kuingiza kidole. Sisi watoto tuliingiza vidole, tukasema tunapima kama unakua.

Padri wa parokia alikuja, akautazama, akasema tukarabati au tufunge. Jumapili ile ile shirika zote, zile jumuiya ndogo za sala, zikakutana, na nakuambia sijaona tena watu wakitoa vile. Wavuvi walitoa samaki wao wa juma zima. Wakulima wa Runingu walileta mpunga na mihogo ya kulisha mafundi. Familia moja ya wafugaji kutoka Mulenge, waliokuwa wakija kusali kwetu kila waliposhuka sokoni, walileta ng'ombe dume mwenye pembe ndefu, tukamwogopa na kumpenda hadi siku alipochinjwa. Majirani zetu Waprotestanti walibeba mawe pamoja nasi wakiimba nyimbo zao. Na watoto wa mtaa waliokwenda Ulaya walichangishana huko, wakatuma manjanja mapya, mazito, ya kung'aa, pamoja na mbao ngumu za kuyabeba.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa mchanga. Tuliuchota ufukweni kwa ndoo na sufuria za zamani, tukapanda nao kichwani, maji yakitutiririkia shingoni. Koko hakupenda. Alisema ziwa lina mlango, na mlango wake ni ule mchanga. Lakini alisema polepole, kama mtu anayejisemea, na mchanga ulihitajika.

Sasa nikuelezee Mwalimu. Alikuwa katekista wetu, jirani yetu wa upande wa pili, mwanamume mrefu, mwembamba, aliyefiwa na mke. Aliuza mawese, na mikono yake ilinukia mawese hata alipoishika Biblia. Alikuwa mtu mwema, ila aliogopa. Aliogopa mbwa. Aliogopa radi, mvua ikianza kunguruma aliingia ndani na kufunga madirisha. Katika mtaa wa wavuvi, yeye hakuwahi kupanda mtumbwi maishani mwake, na wanaume walimcheka kwa hilo mbele ya watoto wao. Hakukasirika. Alijibu kwamba Mungu amewapa wengine nguvu, na yeye amempa masikio.

Mafundi walipoanza, yeye ndiye aliyesema ule ukuta ubomolewe. Fundi mkuu alimsikiliza kwa heshima. Alieleza kwamba kubomoa ukuta mmoja ni kubomoa kuta zote, maana matofali yale ya udongo yanashikana kama ndugu, na waliotoa manjanja walitoa manjanja, hawakutoa shapeli nzima. Angeziba ufa kwa simenti, angefunga ukuta kwa nondo, kisha paa jipya lingekaa juu. Mwalimu akamwuliza kama ana hakika. Yule fundi, na hili namheshimu nalo hadi leo, hakudanganya.

"Minye sijue, Mwalimu," akasema. "Ukuta iko ya zamani. Tutaangalia."

Ili kuangalia, alichukua kipande cha kioo cha dirisha, chembamba, kirefu kama kidole, akakibandika kwa simenti juu ya ule ufa uliozibwa, upande huu na upande ule. Alituambia ukuta ukisogea hata kidogo kioo kitakatika, kwa sababu kioo hakijui kuvumilia. Kisha akamgeukia Mwalimu akitabasamu, akamwambia asianze kuogopa mpaka kioo kivunjike.

Paa likapanda. Loo, lilikuwa zuri. Mchana huwezi kulitazama, linakuchoma macho. Wavuvi walisema wanaliona wakiwa mbali katikati ya maji. Siku ya kubariki ikapangwa. Wanawake wakashona vitambaa vya rangi moja. Na siku chache kabla ya sherehe, nikifagia, nilisikia Mwalimu akimwita koko ndani. Nikaingia nyuma yake. Kioo kilikuwa kimekatika katikati, kwa mstari safi, kama kimekatwa na kisu.

Fundi aliitwa. Alikitazama sana. Alisema huenda ni joto la manjanja, huenda simenti ilikauka vibaya. Akabandika kingine. Wazee wa shirika wakaomba jambo lile lisitembezwe mdomoni, watu wasikatwe moyo ilhali wageni wako njiani. Mwalimu hakubishana. Nilimwona amekaa kwenye benchi, mikono imelala magotini, anausikiliza ule ukuta kama mtu anavyosikiliza pumzi ya mgonjwa.

Siku ya sherehe watu walijaa uwanja mzima. Kulikuwa na wali, nyama ya yule ng'ombe, sombe ya majani ya mihogo, samaki wa mikeke wa kukaanga, ngoma. Wageni walitoka bondeni na milimani na ng'ambo, Burundi. Padri alipofika mlangoni na maji ya baraka, mlango ulikuwa umefungwa. Mwalimu alisimama mbele yake amevaa koti lake la pekee, ufunguo ukiwa mfukoni. Miguu yake ilikuwa inatetemeka ndani ya suruali. Sisi watoto tuliokaa mbele tuliiona vizuri.

Mwenyekiti wa shirika, mvuvi mwenye sauti nzito, alimwambia afungue. Akakataa. Akaambiwa anatia aibu mtaa mbele ya wageni. Akakataa.

"Minye sitaingiza batu mule," akasema. "Huu ukuta iko natembea. Munipige, lakini sitaingiza."

Hakuna aliyempiga. Padri akaamua misa isomwe nje. Katikati ya mahubiri mvua ikashuka kutoka mulima, ile mvua ya Uvira isiyokupa nafasi ya kukunja mkeka. Vitambaa vipya vikachuja rangi. Wali ukageuka uji. Wageni wakakimbilia kwenye vibaraza vya Waprotestanti. Na shapeli ilisimama pale pale, imara, paa likilia kwa mvua, mlango umefungwa, hakuna hata tofali moja lililoanguka.

Hapo ndipo walipomchoka. Juma lile lile alinyang'anywa ufunguo na uongozi wa sala, na Jumapili iliyofuata tuliingia wote. Padri, aliyekuwa na huruma naye, alimwachia watoto tu, mafundisho ya komunio ya kwanza kila Jumamosi mchana. Yeye akakubali. Jumapili alikuja kusali kama muumini wa kawaida, na kila mara alichagua benchi la chini ya ule ukuta. Watu walicheka mwanzoni. Kisha nikaona kitu ambacho wakubwa hawakukisema: benchi lile lilibaki na yeye peke yake. Akina mama wenye watoto wachanga walijibana upande wa ziwa, hata kama pamejaa, hata kama kuna joto. Hakuna aliyesema anaogopa. Lakini kila aliyeinuka kwenda kupokea komunio alikitupia kioo jicho.

Nasi watoto Mwalimu alitufundisha mchezo. Katikati ya somo lolote, hata katikati ya Baba Yetu, angefunga kitabu chake na kuinua mkono. Tukiona hivyo, tunainuka bila neno, tunashika bega la aliye mbele, tunatoka kwa mlango mdogo wa ziwani na kwenda kusimama mchangani. Asiyekimbia ndiye mshindi. Tuliupenda. Tulishindana kutembea kama maaskofu. Wazazi wengine walinung'unika kwamba anatuambukiza woga wake badala ya kutufundisha amri za Mungu, na mama mmoja alimwondoa mtoto wake kabisa. Koko hakuniondoa. Aliniambia tu, fanya anavyosema.

Masika yakaingia. Mvua ilinyesha siku nyingi, mito ikashuka na mawe, ukilala unayasikia yakigongana. Ziwa likapanda hadi kwenye ua wetu wa matete. Udongo wote ulikuwa laini, ukitembea unazama. Kisha Jumamosi moja kukapambazuka jua, jua safi, watu wakaanika magodoro na mihogo, kila nyumba ikatoa mvuke. Tulikwenda mafundishoni tumefurahi. Koko alikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya altare, anapiga pasi vitambaa vya Pasaka. Harufu ya makaa ya pasi ilitufikia tulipokaa.

Tulikuwa kwenye somo la sakramenti ya kitubio. Sauti ilikuwa ndogo sana. Ti. Kama kijiti kikivunjika chini ya mguu wa kuku. Sikuigundua kuwa ni sauti mpaka nilipomwona Mwalimu. Hakugeuka kuutazama ukuta. Alifunga kitabu, akainua mkono.

Tukainuka. Hakuna aliyejua kama ni mchezo au si mchezo, ila vumbi jembamba lilikuwa linashuka kutoka juu, linang'aa kwenye jua la dirishani. Nilishika bega la mbele yangu. Mlangoni tuliipita miguu yake, na ile suruali ilikuwa inatetemeka kama siku ya sherehe. Tukatoka, tukajipanga mchangani, maji yakitulamba visigino. Yeye akatoka wa mwisho, akatupitia wote kwa macho. Kisha akanitazama mimi.

"Koko iko wapi?"

Nikamwambia. Na yeye alikuwa anajua, harufu ya makaa ilikuwa bado puani mwake kama ilivyokuwa mwangu. Nadhani aliuliza ili apate muda wa kupumua mara moja zaidi. Alifuta mikono kwenye koti. Akarudi ndani, na hakukimbia.

Yaliyotokea ndani aliyasimulia koko, si mara nyingi, na kila mara kwa maneno yale yale. Mlango wa chumba kile ulikuwa umekwama, fremu imelala upande. Alikuwa anauvuta, haufunguki. Akasikia bega likiugonga kutoka nje, mara ya kwanza, mara ya pili, ukaachia. Mwalimu akasimama kwenye fremu, mgongo umeibeba ile mbao ya juu, akamwonyesha apite chini ya mkono wake. Koko alikuwa anataka kuweka pasi chini vizuri, isiunguze kitambaa. Mwalimu akamwambia, "Twende, Koko. Minye naogopa. Twende."

Akapita. Tulimwona akitoka mlango wa ziwani na kitambaa cha altare mkononi, ananyoosha shingo akitutafuta. Ndipo ukuta ukalala. Haukuanguka kama ninavyoona kuta zikianguka kwenye simu za watu siku hizi. Ulikaa chini, polepole, kama mzee, na paa zito likaufuata lote kwa pamoja. Upepo wake ulituangusha majini.

Wanaume wote walikuja, wa dini zote, waliomcheka na wasiomcheka, wakafukua kwa mikono. Yule mwenyekiti mwenye sauti nzito ndiye aliyemfikia kwanza. Alimbeba peke yake, akakataa kusaidiwa, na siku ya maziko akawa mbele ya waliobeba jeneza. Manjanja yalitandazwa uwanjani yakiendelea kung'aa, hata ikabidi mtu ayafunike na turubai ili watu waweze kulia.

Walijenga tena. Waliotoa wakatoa tena, bila ngoma safari hii. Ikawa ndogo, kuta fupi, manjanja mepesi, milango mitatu. Fundi wetu hakuwemo. Aliacha kazi, akaenda bondeni kulima mpunga, na nasikia alifia huko. Koko aliendelea kufua vitambaa, lakini tangu wakati ule hakukaa tena ndani ya shapeli yoyote. Alisikiliza misa nzima amesimama kizingitini, hata magoti yalipomshinda, hata mvua ilipomlowesha mgongo. Wageni walidhani ni heshima ya kizee. Miaka mingi baada ya kufa kwake ziwa likapanda kuliko wazee walivyowahi kuona. Watu wakahamisha mabenchi na picha za njia ya msalaba mapema, kwa utulivu. Nani angebishana?

Asubuhi baada ya kufika nilikwenda Kasenga kwenye kiwanja kipya. Walikuwa wanachimba msingi. Nikatoa mkono wangu, nikabeba na mawe mawili matatu, mgongo ukanikumbusha umri. Wanaochimba ni vijana. Wengine wameweka mizigo yao midogo, imefungwa tayari, kando ya ndoo za maji, maana hujui siku hizi utaambiwa kimbia saa ngapi. Nikawauliza kama wamewahi kusikia habari za katekista wa shapeli ya ziwani. Mmoja akasema amesikia kulikuwa na mtu mwoga sana, watu walimtania. Basi. Nikaanza kumweleza, kisha risasi zikasikika mbali, upande wa mulima, mbili, halafu kimya. Wote wakasimama na majembe mikononi, wakasikiliza. Baada ya kitambo mmoja akainama kuchimba, na wengine wakamfuata, na mimi sikujua tena nilikuwa nimefika wapi.

Lakini ninachokitafuta ukingoni mwa maji si shapeli, rafiki yangu. Matofali hujengwa tena. Natafuta ule mstari wetu pale mchangani, kila mmoja ameshika bega la mwenzake. Mmoja yuko kambini Burundi, alivuka na watoto wake migongoni. Wawili walishuka Kalemie, habari zao zikakatika. Mmoja yuko Ulaya, anatuma picha za theluji. Aliyekuwa mbele yangu, yule ambaye bega lake nalikumbuka lilivyokuwa na joto la jua, alichukuliwa barabarani miaka ya nyuma, na mama yake hadi leo humwekea sahani. Mwalimu alitutoa wote wazima. Hatujawahi tena kusimama sote mahali pamoja, na sasa hata mahali penyewe hapapo.